Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aliyefundisha watu kutambua ndege bila bunduki

Hebu jiwazie uko Jamestown, mji mdogo wa viwanda magharibi mwa jimbo la New York, mwezi wa Januari. Nje theluji imefika magotini, maana upepo unaovuka Ziwa Erie huko karibu huimwaga bila huruma. Nje ya dirisha umetundika kijisanduku cha mbegu za alizeti. Ndege mdogo anatua. Ni wa ukubwa wa shomoro, kichwa na kifua vina wekundu wa aina fulani. Anavunja mbegu mbili tatu, anachungulia huku na kule, anaruka zake.

Sekunde nne. Umeona nini?

Ukijibu ati umeona ndege mwekundu, usijali, wengi wetu tungejibu hivyo hivyo. Lakini huyo anaweza kuwa mmoja kati ya chiriku wawili tofauti kabisa, na kuna mwaka ambao tofauti hiyo ilikuja kuwa jambo zito. Tutafika huko. Kwanza ujue kwamba jamaa aliyewapa watu wa kawaida mbinu ya kutumia zile sekunde nne alizaliwa mji huo huo wa Jamestown. Anaitwa Roger Tory Peterson.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1908. Baba yake aliletwa Marekani kutoka Uswidi akiwa mtoto mchanga na akaingia kazi ya kiwandani akiwa bado mdogo. Mama yake alitoka Ujerumani. Jamestown ulikuwa mji wa fanicha, na mzee Peterson alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaotoka asubuhi na mapema, wanarudi jioni wamechoka, hawana hamu ya kusikiliza hadithi za vipepeo. Sasa, mtu kama huyo Mungu anampa mtoto anayeshinda vichakani akifukuza wadudu na ndege. Unaweza kukisia hali ilivyokuwa pale nyumbani. Majirani nao walimwona kijana amepungukiwa kidogo.

Aliyemwokoa ni mwalimu. Roger akiwa darasa la saba, Bi Blanche Hornbeck alianzisha klabu ya wanafunzi ya kujifunza ndege. Kila mtoto alipewa picha ya ndege ya kuiga kwa rangi. Roger aliangukiwa na ndege wa buluu mwenye kishungi, wa kawaida tu pande hizo. Akamchora. Kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akichekewa kikawa kitu anachokiweza kuliko wenzake.

Halafu kuna siku moja ya mwaka 1920. Roger ana miaka 11. Yeye na rafiki yake wanapanda kilima nje ya mji wanaona kigogota kwenye shina la mti, kichwa amekificha kwenye manyoya, hatikisiki. Wakadhani amekufa. Roger akanyosha kidole akamgusa mgongoni. Yule ndege, kumbe alikuwa amelala tu kwa uchovu wa safari ndefu ya kuhama, akafumbua macho akaruka, mabawa yakawaka rangi ya dhahabu chini yake. Peterson aliishi miaka mingine 76 na hakuchoka kuisimulia hiyo siku. Aliona kitu alichodhani kimekufa kikigeuka uhai mtupu mbele ya macho yake, na kutoka hapo hakuwa na mambo mengine.

Pesa? Hakukuwa na pesa. Akawa anagawa magazeti milangoni alfajiri hadi akapata za kununua kamera. Alipotaka kuwanasa nondo kwenye taa za barabarani, ikabidi mkuu wa polisi wa mji ampe kibali maalum, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa kuwa nje saa hizo. Nakuachia uwaze kijana wa leo akienda kituo cha polisi kuomba ruhusa ya kufukuza nondo usiku.

Sasa, ili uelewe alichokuja kufanya, lazima ujue wakati ule watu walijuaje ndege. Jibu ni bunduki. Mtaalamu alipoona ndege asiyemfahamu, alimpiga risasi, akamshika mkononi, akapima mdomo na bawa, akahesabu manyoya, ndipo akaandika jina. Vitabu vilivyokuwepo viliandikwa kwa mtu aliye na maiti ya ndege mezani. Vilieleza rangi ya kila unyoya toka kichwani hadi mkiani, kurasa na kurasa. Kwa mtu aliyesimama dirishani na ndege aliye hai, vitabu hivyo vilikuwa kama kupewa ramani ya mji mzima wakati umeuliza choo kiko wapi.

Roger alikuwa amesoma riwaya moja ya mwaka 1903 ya Ernest Thompson Seton, yenye mtoto aliyekwama na tatizo hilo hilo. Mtoto yule anaona bata majini, mbali sana, hawezi kuwakaribia. Anagundua kwamba hata kwa mbali kila bata ana mabaka yake, mfano wa sare za wanajeshi, na ukiyachora hayo mabaka peke yake unaweza kumjua ni nani. Watoto wengi waliisoma hadithi hiyo wakasonga mbele. Roger hakusonga.

Alimaliza shule ya upili mwaka 1925 akaajiriwa palepale mjini, kwenye kiwanda cha fanicha, kazi yake kuchora mapambo ya mtindo wa Kichina kwenye kabati za bei. Msimamizi wake aliona mkono wa kijana akamhimiza aende kusomea uchoraji. Akaenda New York, akasota kweli, akilipa karo kwa kupamba fanicha.

Huko ndiko alikutana na kikundi cha vijana wa mtaa wa Bronx. Walikuwa tisa, wachanga, hawana kitu, na wazimu wao ulikuwa mmoja: ndege. Walipanda treni na mabasi wakawatafuta ndege kwenye bustani, kwenye mabomba ya maji taka, hata kwenye jaa la taka la Hunts Point, ambako bundi weupe wa kaskazini walikuja msimu wa baridi kula panya. Peterson alikuwa wa kwanza kukubaliwa bila kuwa mzaliwa wa Bronx. Mwalimu wao wa mbali alikuwa Ludlow Griscom, mtaalamu wa makumbusho aliyeshikilia kwamba jicho lililozoezwa na darubini nzuri vinaweza kumtambua ndege anayeruka bila risasi hata moja. Wazee wengi wa fani walimbishia. Wale vijana walimwamini wakaishi kwa neno lake.

Na hapa turudi kwa chiriku wetu, kwa sababu wao ndio mtihani mgumu wa jicho. Kuna jamii ya chiriku wanaoishi misitu ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, chakula chao mbegu za misonobari na miti mingine ya baridi. Miaka ambayo miti hiyo imezaa vizuri, wengi wao hubaki kwao. Miti ikikosa kuzaa, njaa inawasukuma kusini kwa makundi, na ghafla watu wa miji ya kawaida wanaamka asubuhi na kukuta wageni kwenye kijisanduku cha mbegu. Mwaka huu wako mia, mwaka ujao hakuna hata mmoja. Hakuna ratiba. Ndiyo maana mwenye dirisha anafurahi sana akiwaona, na ndiyo maana anakosea sana kuwataja: hajapata muda wa kuwazoea.

Mwaka 1931 Peterson alipata kazi ya ualimu katika shule ya wavulana Brookline, karibu na Boston. Mchana alifundisha sanaa na sayansi, usiku alichora. Rafiki yake William Vogt ndiye aliyemwambia kwamba yale anayoyajua ayaweke kitabuni. Tatizo, huo ulikuwa wakati wa ule Mdororo Mkuu, benki zimefungwa, watu wanapanga foleni ya supu. Wachapishaji wanne wakamkatalia. Wa tano, Houghton Mifflin, walikubali, lakini kwa tahadhari: nakala 2,000 tu, na mwandishi hapati mrabaha wowote kwa 1,000 za kwanza. Yaani kijana wa miaka 25 anapewa mkataba ambao nusu ya kazi yake ni bure. Akatia sahihi.

Kitabu kilitoka Aprili 1934, bei dola 2.75. Wiki mbili hazikuisha kabla nakala zote hazijaisha.

Ndani yake kulikuwa na nini? Kwa macho ya leo, si kitabu cha kukushtua. Picha nyingi ni nyeusi na nyeupe, ndege wamepangwa wote wakitazama upande mmoja, wamechorwa bapa kama picha za kitambulisho. Hawana mapambo. Lakini wale wanaofanana wamewekwa pamoja ukurasa mmoja, na kwenye kila mmoja kuna vijistari vidogo vinavyoelekeza jicho lako pale tofauti ilipo. Basi. Hakukueleza ndege mzima. Alikwambia: tazama hapa, na hapa, mengine achana nayo.

Hebu tujaribu mbinu yake na wageni wa dirishani. Chiriku mdogo mwenye michirizi ya kahawia, kofia nyekundu ya duara kwenye paji, na doa jeusi kidevuni: huyo ni chiriku kofia-nyekundu, kutoka mbali kabisa kaskazini. Mwenye michirizi mwili mzima, mdomo mwembamba wenye ncha, na mweko wa njano bawani akiruka: chiriku wa misonobari. Mnene, wa njano, mabawa yana mabaka makubwa meupe, mdomo mkubwa kama koleo: chiriku wa jioni, na hao wakishuka kumi wanafagia sinia lako kabla hujamaliza chai. Ukiona ncha za mdomo zimepishana kama mkasi ulioharibika, tulia, si mgonjwa; ndivyo anavyopanulia koni za misonobari kufikia mbegu.

Wakati mwingine hata wataalamu wanatatizika. Kwa miaka mingi watu walikodoa macho wakitenganisha kofia-nyekundu wa kawaida na yule mweupe-mweupe zaidi, wakagombana juu ya picha. Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani wakaamua kwamba wote hao ni spishi moja tu. Nasikia kuna waliofuta mstari mzima kwenye orodha zao kwa uchungu.

Sasa yule mwekundu wa mwanzo. Kama dume anaonekana kama amechovywa kwenye juisi ya zabibu nyekundu, rangi imemwagika hadi mgongoni na ubavuni, huyo ni chiriku zambarau. Kama wekundu umebaki kwenye paji na kifua, na ubavuni kuna michirizi ya kahawia iliyo wazi, huyo ni chiriku-nyumba. Majike hawana wekundu wowote, lakini jike la zambarau lina mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi iliyochorwa, na la pili uso wake ni wa kahawia tu, hauna habari.

Ajabu ni kwamba mwaka 1934 hukuhitaji kujua hayo ukiwa mashariki mwa Marekani. Chiriku-nyumba hakuwepo kabisa. Alikuwa ndege wa magharibi. Wafanyabiashara walikuwa wakimkamata California na kumuuza New York kwenye vizimba, wakimpa jina la Hollywood ili apendeze, ingawa sheria ilikataza biashara hiyo. Mwaka 1940 maafisa wa serikali walipoanza kuwafuata, wauzaji wakafungua vizimba huko Long Island kuepuka mashtaka. Wale wachache waliotoroka wakazaana, wakaingia mji baada ya mji, hadi wakaenea mashariki yote. Peterson alipotoa toleo la nne la kitabu chake mwaka 1980, alilolichora upya lote kwa rangi akiwa na zaidi ya miaka 70, chiriku-nyumba alikuwa tayari jirani wa kila mtu, na kumtofautisha na zambarau ndilo swali la kila dirisha.

Katikati hapo mambo mengi yalipita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, na mbinu yake ikatumiwa kufundisha watu kutambua ndege za kivita angani: tazama bawa, tazama mkia, amua kabla haijakufikia. Kiswahili peke yake ndicho kinachoweza kuisema hadithi hii vizuri, maana kwetu alitoka kwa ndege akaenda kwa ndege.

Mwaka 1954 alihamia Old Lyme, Connecticut, penye mdomo wa mto, mahali palipokuwa na karibu viota 150 vya tai wala samaki. Basi akakaa hapo akashuhudia viota vikipungua mwaka hadi mwaka, mayai yakipasuka kabla ya kuanguliwa, hadi vikabaki vya kuhesabu kwa vidole. Sumu ya wadudu, DDT, ilikuwa imeingia kwenye samaki na kutoka kwa samaki kwenye mayai. Peterson alikwenda mbele ya kamati ya Seneti kusema alichokiona, na mkewe Barbara alishughulika na wachunguzi wa viota. Marekani ilipiga DDT marufuku mwaka 1972.

Huku kwetu unaweza kuwa umemsikia bila kujua. Alizunguka dunia kutafuta ndege, na alipofika Ziwa Nakuru na kuona ufuo wote umegeuka waridi kwa heroe, alitangaza kwamba duniani hakuna tamasha la ndege linaloshinda lile. Maneno yake yamerudiwa na waongoza watalii wa Nakuru tangu wakati huo.

Usidhani alikuwa malaika. Barabara hii ilikuwa na gharama, na wengine ndio waliolipa. Alioa mara tatu. Barbara, mke wa pili na mama wa wanawe wawili, ndiye aliyeendesha gari, akajibu barua, akashika nyumba, huku yeye akiwa porini au studio akichora hadi alfajiri. Na kuna jambo lililomkera hadi uzeeni: alitaka kuwa mchoraji wa kweli, wa picha zenye mwanga na upepo na matawi, si wa ndege bapa wenye vijistari. Kila alipotaka kuweka chini kitabu, toleo jipya lilimdai. Dunia ilimpenda kwa kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona kuwa ya shule. Alipata Nishani ya Uhuru kutoka kwa Rais Jimmy Carter mwaka 1980, ya juu kabisa kwa raia, na bado akaendelea kulalamika kwamba hajapata muda wa kuchora.

Nilisema kuna mwaka ambao tofauti ya wale chiriku wawili ilikuwa jambo zito. Ni 1994. Mapema mwaka huo, karibu na Washington, watu waliokuwa na vijisanduku vya mbegu walianza kuona chiriku mwekundu aliyevimba macho, yametoa usaha, anagonga matawi kwa upofu. Ugonjwa huo ulisababishwa na bakteria ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kuku. Maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell ikawaomba wenye madirisha mashariki mwa Marekani wahesabu wazima na wagonjwa na kutuma majibu. Sasa fikiria kazi hiyo kama hakuna anayejua kutenganisha chiriku-nyumba na zambarau. Namba zote zingekuwa takataka. Lakini walimu wastaafu, mama wa nyumbani na watoto wa shule waliangalia ubavu, wakatazama kama kuna michirizi, wakajaza fomu. Kwa namba zao wanasayansi walifuata ugonjwa ukisafiri jimbo hadi jimbo na kupunguza chiriku-nyumba vibaya. Ni nadra sana ugonjwa wa ndege wa porini kufuatiliwa hivyo tangu mwanzo wake.

Kama wewe una chombo cha maji au mbegu uani kwako, kioshe mara kwa mara. Ndege wanaolia pamoja wanaambukizana pamoja.

Ugonjwa huo ulipozuka Peterson alikuwa na miaka 85. Alikuwa mezani kwake Old Lyme, akichora kurasa za toleo la tano. Alifariki nyumbani hapo tarehe 28 Julai, 1996, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 88, kazi haijaisha. Wengine waliikamilisha, na kitabu kikatoka mwaka 2002.